Kutoka Daftari hadi Kitabu: Bethwell Ogot na Nyaraka za Ukanda wa Ziwa

Nyamasaria ndipo Kisumu inapoanzia kwa mtu anayetoka Nairobi. Barabara hupita Ahero, hukata uwanda wa Kano wenye majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa, huvuka mto Nyamasaria, na mji huanza kwa makelele ya matatu, bodaboda na wauza mboga. Ndipo pia watu wa Kolwa na Kajulu wanapodandia mabasi ya kwenda Nairobi. Kwa miaka mingi, mwalimu au mwanafunzi wa historia wa sehemu hizi aliyetaka kusoma yaliyoandikwa na wakoloni kuhusu kijiji chake ilimbidi afunge safari hiyo ya zaidi ya kilomita 300.

Mafaili anayoyafuata yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ndani ya jengo kongwe katikati ya Nairobi ambalo zamani lilikuwa la Bank of India. Sheria iliyoanzisha hifadhi hiyo ilipitishwa 1965. Humo mna mfululizo ambao kila mtafiti wa Nyanza anaujua kwa alama yake, PC/NZA: barua, ripoti za mwaka na taarifa za ziara kutoka ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Nyanza, iliyokuwa Kisumu. Ziliandikwa Kisumu, zikahamia Nairobi. Kisha Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kikajipatia nakala za filamu za sehemu kubwa ya nyaraka za Kenya, na 1968 Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer wakachapisha mwongozo wa kuzitumia. Mwanafunzi wa Marekani akawa karibu zaidi na ripoti za Kano kuliko mwalimu anayeishi Kano. Hifadhi ilifungua baadaye vituo vya kanda, kimojawapo Kisumu, lakini makusanyo makuu yalibaki Nairobi. Ni jambo linalouma.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi ya umbali. Mafaili ya serikali, popote yalipo, yana mapengo. Moto uliounguza jengo la Sekretarieti mjini Nairobi 1939 uliteketeza kumbukumbu nyingi za miaka ya mwanzo ya ukoloni. Waingereza walipokuwa wanaondoka walichoma nyingine na kusafirisha nyingine kwao. Mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili yapatayo 1,500 ya Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, Uingereza, muda wote huo, katika masanduku 300 hivi. Na hata faili lililosalimika husema tu yale Mkuu wa Wilaya aliyoyaona au aliyoyauliza. Kodi imo, idadi ya vibanda imo, kesi za machifu zimo. Sababu ya ukoo fulani kuhama kutoka mlima huu kwenda bonde lile, nani alimpokea nani na kwa masharti gani, hayo hayamo. Yalikuwa vichwani mwa wazee, na baadaye katika daftari za watoto wao waliojua kusoma.

Daftari hizo ndizo nyaraka za kwanza za historia ya ukanda huu kuandikwa na wenyewe, na chimbuko lake ni shule. Wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walifungua shule ya Maseno 1906, miaka mitano tu baada ya reli kufika ziwani. Vijana waliofunzwa pale kusoma Biblia waligundua upesi kwamba kalamu hufanya kazi nyingine pia. Mnamo Desemba 1921 wengi wao walikuwa mstari wa mbele katika mkutano wa Lundha, Gem, ulioanzisha Young Kavirondo Association, chama ambacho watu walikiita Piny Owacho. Jonathan Okwiri, mwalimu, akawa kiongozi wake. Walidai hati za ardhi, walipinga kipande na kodi ya vibanda, na waliyaweka madai yao kwenye maandishi kabla ya kuonana na wakubwa wa serikali huko Nyahera mwaka uliofuata.

Archdeacon W. E. Owen, aliyeingia Kavirondo, kama wakoloni walivyoiita Nyanza, 1918, aliwashawishi wabadilishe chama kiwe cha utulivu zaidi, Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, 1923. Owen alikuwa mtu wa kuandika bila kuchoka. Aliandikia magazeti ya Uingereza kulalamikia kazi za kulazimishwa, na katika nafasi zake alikusanya zana za mawe na mifupa ya kale, ikiwemo ile ya kisiwa cha Maboko. Anayetaka kusoma nyaraka zake leo huenda Birmingham, Uingereza, ambako chuo kikuu kinatunza hifadhi ya CMS. Zinatunzwa vizuri, na hilo ni jema. Lakini ni daftari za mtu aliyetembea Nyanza kwa miguu, na ni wachache sana wa Nyanza waliowahi kuzishika.

Wenyeji nao hawakukaa kimya. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo na mchungaji wa Waadventista, alichapisha 1938 kitabu cha Kijaluo kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi, juu ya mila na mwenendo wa Waluo. Shadrack Malo akafuatia 1953 na Dhoudi mag Central Nyanza, kitabu cha koo za Nyanza ya Kati: nani alimzaa nani, ukoo gani ulitokana na upi, ulikaa wapi kabla ya kufika ulipo. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu waliokaa na wazee, wakaandika, wakarudi kuuliza tena. Bila wao, kizazi cha wanahistoria waliosomea vyuo vikuu kingeanzia sifuri.

Wa kwanza katika kizazi hicho, na kwa vipimo vingi mkubwa wao, alikuwa Bethwell Allan Ogot.

Alizaliwa Gem, Agosti 1929, karibu na nchi ileile iliyozaa Piny Owacho. Alisoma Ambira, kisha Maseno, kisha Makerere, ambako somo lake lilikuwa hisabati. Alifundisha hisabati Alliance High School chini ya Carey Francis, mzungu aliyekuwa mwalimu mkuu wa Maseno kabla ya kuhamia Kikuyu. Mwaka 1955 akaenda Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na huko ndiko alikogeukia historia na falsafa. Aliporudi Afrika Mashariki alianza kufundisha Makerere na kujiandaa kwa shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha London. Mada aliyoichagua ilikuwa historia ya watu wake kabla ya mzungu kufika.

Leo mada hiyo haimshangazi mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa ya kijasiri. Historia katika vyuo vya Uingereza ilitegemea hati, na Waluo wa karne ya 16 hawakuacha hati. Ogot alikuwa na vitabu vichache tu vya kuanzia: Malo, Mboya, na kazi kubwa ya Padri Crazzolara juu ya Waluo wa kaskazini. Kilichobaki ilimbidi akiumbe mwenyewe. Alikwenda Padhola, upande wa Uganda karibu na Tororo, akazunguka Nyanza, akakaa na wazee ukoo baada ya ukoo. Kwa maneno mengine, kabla ya kuandika historia ilimlazimu atengeneze nyaraka zake.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Mzee hutaja majina: yeye mwenyewe, baba yake, babu yake, na kuendelea nyuma hadi jina ambalo baada yake hakuna jingine. Mtafiti huandika. Tuseme majina ni 12. Kizazi kimoja kikikadiriwa miaka 27 hadi 30, orodha hiyo inarudi nyuma kiasi cha miaka 320 hadi 360, yaani mtu wa mwisho aliishi karibu na mwaka 1600. Hesabu kama hiyo yenyewe haitoshi. Majina husahaulika, ndugu wawili huunganishwa kuwa baba na mwana, na babu asiyependeza huachwa njiani. Kwa hiyo mtafiti huenda kwa ukoo jirani na kuuliza juu ya vita, ndoa au njaa iliyozihusu koo zote mbili. Ikiwa ukoo wa kwanza unasema vita ilipiganwa wakati wa jina la saba, na wa pili unasema wakati wa jina la tisa, kuna kasoro ya kutafuta. Mwalimu wa hisabati alikuwa mahali pake hasa.

Hesabu hizi, marudio haya, mikanganyiko hii, vyote viliingia kwanza kwenye daftari. Kitabu kilichotokana nazo, History of the Southern Luo, kilitolewa 1967 na East African Publishing House, miaka miwili baada ya yeye kupata shahada. Kilieleza jinsi Waluo walivyoingia Nyanza kwa makundi na kwa nyakati mbalimbali, Joka-Jok wakitangulia na kutua kwenye kilima cha Ramogi huko Yimbo, Jok'Owiny na Jok'Omolo wakifuata, na watu wa asili nyingine, wakiwemo Abasuba wa kusini, wakichanganyika nao. Ukweli huo wa mchanganyiko ndio ulio muhimu kuliko tarehe. Ogot alionyesha kwamba kabila ambalo wengi walilidhani limeshuka zima kutoka kaskazini lilijengwa hapahapa, kwa ndoa, kwa vita na kwa kupokeana.

Kwenye jalada kitabu kiliitwa juzuu la kwanza. Kazi yake pana zaidi juu ya watu wote wanaozungumza lugha za Kiluo Afrika Mashariki ilitoka 2009, miaka 42 baadaye, akiwa na umri wa miaka 80. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna maisha mazima ya kukusanya.

Mwenzake Gideon Were alifanya jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha. Mwaka uleule wa 1967, pamoja na kitabu chake cha historia ya Abaluyia, alitoa kitabu cha pili, Western Kenya Historical Texts. Humo alichapisha masimulizi yenyewe aliyoyakusanya kwa Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Msomaji asiyekubaliana na hitimisho la Were anaweza kurudi kwa maneno ya mzee na kuamua mwenyewe. Ni mfano wa uaminifu wa kitaaluma, na ni watafiti wachache waliofuata nyayo hizo, kwa sababu ni kazi ya gharama na haimpi mtu cheo.

Ogot alichagua njia nyingine: kujenga vyombo vya kuchapisha. Alipohamia Nairobi 1964 alisimamisha idara ya historia katika chuo kikuu. Mwaka 1966 Historical Association of Kenya ikaanzishwa, na mijadala ya mikutano yake ikaanza kutolewa kwa mfululizo ulioitwa Hadith. Juzuu la kwanza lilitoka 1968 na la nane 1985. Ndani yake mna insha za vijana ambao baadaye walikuja kuwa majina makubwa, wengi wakiandika kwa mara ya kwanza juu ya kwao. Ogot aliongoza pia kamati ya kimataifa ya UNESCO iliyosimamia Historia Kuu ya Afrika, kuanzia 1978 hadi 1983, na kuhariri juzuu la tano lililotoka 1992, linalohusu karne ya 16 hadi ya 18. Mtu aliyeanza kwa kuhesabu mababu wa Padhola aliishia kusimamia historia ya bara zima.

Kati ya 1977 na 1980 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa mambo ya kale ya Afrika iliyopewa jina la Louis Leakey, jijini Nairobi. Alipoiacha, sehemu iliyofuata ya maisha yake ilimrudisha ziwani, na hapa ndipo habari ya nyaraka inaponoga.

Mapema miaka ya 1980 Kisumu ilikuwa na kitu ambacho miji mingi ya Kenya haikuwa nacho: wachapishaji wake wenyewe. Ogot na mkewe, mwandishi Grace Ogot, walikuwa na Anyange Press. Asenath Bole Odaga alikuwa na Lake Publishers na duka lake la vitabu. Hawa watatu walijua Nairobi na walijua ulimwengu, lakini waliamua kwamba kitabu kinaweza kuzaliwa mahali habari yake ilipo. Grace, aliyekwisha kujulikana kwa riwaya yake ya Kiingereza The Promised Land ya 1966, aligeuka na kuandika kwa Kijaluo: Ber Wat, Miaha, Aloo kod Apul-Apul, Simbi Nyaima. Mwaka 1985 alichaguliwa mbunge wa Gem. Na Anyange ikatoa upya Luo Kitgi gi Timbegi ya Paul Mboya, kitabu ambacho toleo lake la 1938 lilikuwa limekwisha kuwa adimu.

Uamuzi huo wa mwisho unaonekana mdogo, lakini una maana kubwa. Nyaraka binafsi katika ukanda huu zina maadui wengi. Mchwa hula sanduku kwa chini kabla mwenye nyumba hajajua. Nondo hutoboa kurasa. Unyevu wa ziwa hukunja karatasi na kufifisha wino. Mito ya Nyando, Nyamasaria na Auji hufurika, na Mei 2020 ziwa lenyewe lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa hadi wakati huo. Kisha kuna adui wa ndani ya nyumba: mzee anapofariki, chumba chake kinahitajika, na daftari ambazo hakuna anayejua kilichomo huishia kuwashia moto jikoni au kufungia sukari dukani. Nakala moja ya daftari haina bahati mbele ya maadui hawa wote. Nakala elfu za kitabu, zikiwa shuleni, makanisani na majumbani mwa watu, haziwezi kufa kwa siku moja. Ogot alielewa kwamba kwa watu wasio na hifadhi karibu nao, kiwanda cha kuchapa ndicho kabati lenye kufuli imara kuliko yote.

Ndivyo alivyofanya hata na habari zake mwenyewe. Mwaka 2003 alitoa tawasifu, My Footprints on the Sands of Time, kitabu kinene kinachomfuata kutoka Gem hadi vyuo vikuu, mikutano na ofisi za serikali. Mwaka huohuo alifanywa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Uteuzi huo ulikuwa na uzito wake: hadi wakati huo rais wa nchi ndiye alikuwa chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na Rais Mwai Kibaki alipoingia madarakani aliiacha desturi hiyo na kuwapa nafasi hizo watu wengine. Grace naye alifuata 2012 na Days of My Life, iliyochapishwa na Anyange hapohapo Kisumu. Mume na mke waliandika maisha yaleyale kwa kalamu mbili, na mtafiti anayetaka kujua familia ya wasomi wa kizazi cha uhuru iliishi vipi ana bahati ya kuwa na ushahidi wa pande zote mbili.

Kwa kipindi fulani Ogot alikuwa pia Maseno, akiongoza taasisi ya utafiti na masomo ya uzamili katika chuo kikuu kilichoanza 1991 kama chuo kishiriki cha Moi, kwa kuunganisha chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani, kikawa chuo kikuu kamili 2001. Alikuwa amerudi mahali alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Karibu naye alikuwa William Robert Ochieng', mwana wa Yimbo, ambaye 1975 alitoa kitabu kizima juu ya utawala wa Kadimo, nchi yake ya kuzaliwa. Wawili hao walihariri pamoja 1995 kitabu cha kuondoka kwa ukoloni na uhuru wa Kenya. Ochieng' alikuwa mwandishi wa mtindo mwepesi na wa moto, Ogot wa mtindo wa pole na mizani, na historia ya Nyanza ilihitaji wote wawili.

Lakini kuchapisha hakumalizi kazi ya nyaraka. Kitabu ni uamuzi: mwandishi huchukua mzee mmoja na kumwacha mwingine, hufupisha kisa cha saa mbili kuwa sentensi moja, hunyamazia lisilolingana. Hapana lawama katika hilo, ndiyo kazi ya mwanahistoria. Ila yale yaliyoachwa yana thamani yake, na mahali pekee yanapoishi ni kwenye daftari, barua na kanda. Jina la mzee, kijiji chake, tarehe ya mazungumzo, nani mwingine alikuwepo na kumsahihisha. Swali lililoulizwa na swali ambalo mzee alikataa kulijibu. Odera Oruka, mwanafalsafa wa Ugenya, alilijua hili. Alipokuwa akifanya mradi wake wa hekima za wazee aliwarekodi watu kama Paul Mbuya Akoko, na katika kitabu chake cha 1990 akachapisha mazungumzo pamoja na maelezo yake. Oruka alifariki kwa ajali ya barabarani Desemba 1995, lakini sauti ya Mbuya bado inasomeka, ikibisha na kufafanua.

Hesabu moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mzee wa miaka 70 aliyezungumza na Ogot mwanzoni mwa miaka ya 1960 alizaliwa karibu 1891. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mtu huyo alikuwa mtoto anayechunga mbuzi siku ambazo Kisumu haikuwa mji, na aliyoyasikia kutoka kwa babu yake yalikuwa ya mtu aliyeishi katikati ya karne ya 19. Hakuna utafiti wa leo, hata wenye fedha za dunia nzima, unaoweza kumpata tena. Yaliyoandikwa siku ile ndiyo yote yaliyopo.

Kuna mfano wa Kenya wa jinsi ya kushughulikia urithi kama huo. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alikusanya vitabu, stempu, sanaa na nyaraka maisha yake yote. Vitabu vyake adimu peke yake vilikuwa maelfu. Alikuwa na wanunuzi wa nje waliovitaka. Alichagua kuiuzia serikali ya Kenya katika miaka ya 1970, na makusanyo yake leo yamo katika Hifadhi ya Taifa Nairobi, ambako mwanafunzi yeyote anaweza kuyaona. Alifanya uamuzi huo akiwa hai, akiwa na nguvu za kujadiliana, na akijua kila kilichomo. Hilo ndilo linalotofautisha makusanyo yanayosalimika na yanayotawanyika: mwenyewe kuyapanga na kuyakabidhi kabla ya kufa.

Grace Ogot alifariki Machi 2015. William Ochieng' alikuwa amemtangulia Desemba 2014, na Asenath Odaga mwaka huohuo wa 2014. Atieno Odhiambo, mwandishi mwenza wa vitabu vya Siaya na Burying SM, aliondoka 2009. Bethwell Ogot mwenyewe alifariki Januari 2025, akiwa na miaka 95. Katika muda wa miaka 16 ukanda wa ziwa ulipoteza karibu kizazi kizima cha watu walioandika historia na hadithi zake, na kila mmoja wao alikuwa na rafu, masanduku na mafaili ya miaka arobaini au hamsini.

Katiba ya 2010 iliziwekea kaunti wajibu wa maktaba na makumbusho. Kisumu ina makumbusho, ina tawi la maktaba ya taifa, ina kituo cha kanda cha nyaraka, na Maseno iko karibu. Majengo yapo. Kinachohitajika ni makubaliano na familia, chumba kikavu chenye hewa nzuri juu ya usawa wa mafuriko, na mtu mmoja aliyefunzwa kuorodhesha. Orodha ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kupiga picha kurasa kwa kompyuta: sanduku la kwanza lina nini, barua kutoka kwa nani, daftari la mwaka gani, mahojiano ya kijiji kipi. Nyaraka ambazo hazijaorodheshwa ni kama hazipo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuziomba.

Itabidi pia kuwa na busara. Daftari za masimulizi ya koo zina mambo ya kuchoma. Zinasema nani alifika kwanza na nani alikaribishwa kama jadak kwenye ardhi ya mwingine, nani aliasiliwa na ukoo usio wake, ndoa ipi ilificha nini. Katika sehemu kama Nyamasaria, ambako mji unakula mashamba ya Kolwa mwaka baada ya mwaka na bei ya ardhi inapanda, ukurasa mmoja wa mazungumzo ya 1962 unaweza kupelekwa kortini. Nyaraka za serikali nchini Kenya kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa nyaraka za watu binafsi, familia na hifadhi zinaweza kukubaliana muda wao: barua za nyumbani zisubiri zaidi, mahojiano ya koo yasomwe kwa sharti kwamba wajukuu wa mzee aliyehojiwa wapewe nakala yao kwanza. Sharti hilo la mwisho linafaa kuwa la lazima. Wazee walitoa maneno yao bila malipo, wengi wao wakiamini kwamba kijana wa Gem aliyekuja na kalamu angeyafikisha kwa watoto wao.

Wajukuu hao wako Kano, Kajulu, Gem, Alego, Yimbo na Karachuonyo, na wengine wengi wako Nairobi na ughaibuni. Wengi hawajui babu yao alihojiwa na nani, mwaka gani, wala alitaja majina mangapi.